Ua Mng'ao Kwanza: Kuandaa Vipande vya Kromu Kabla ya Kupiga Rangi

Malipo ya korosho yakianza kuingia, vijana wa bodaboda hapa Mtwara huja na madigadi na usukani wakitaka vipigwe rangi nyeusi. Wengi walishajaribu wenyewe. Walifuta vumbi kwa kitambaa, wakapuliza rangi ya kopo, na baada ya muda mfupi ikabanduka kama kile kijiganda chekundu cha ndani ya korosho iliyokaushwa. Kama mwalimu wa ufundi rangi, naumia kuona fedha ya jasho ikipotea hivyo, kwa sababu rangi yenyewe mara nyingi haikuwa na kosa.

Kromu, yaani ule utando wa metali unaong'aa juu ya madigadi na usukani, ni nyembamba mno. Kwenye vipande vya urembo, kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake ipo nikeli, nene zaidi, pengine na shaba, ndipo ukute chuma. Kromu ni ngumu, laini kama kioo, na ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi. Rangi inakosa pa kushika. Halafu kromu ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kwetu, kuanzia Shangani hadi Mikindani, unyevu wa chumvi hupenya humo mpaka kwenye chuma. Vile vidoa vya kahawia ni kutu inayotoka chini. Ukiifunika bila kuing'oa, itaendelea kula.

Anza kwa kuosha kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kama pikipiki imebeba mifuko ya salfa, ile dawa ya mikorosho. Kisha ondoa mafuta kwa thina: kitambaa kimoja cha kupakia, kingine safi cha kufutia kabla haijakauka. Msasa unakuja baadaye. Ukisugua penye mafuta, unayasukuma ndani ya mikwaruzo.

Hapa kwenye msasa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapochoka mapema. Tumia namba 180, umalizie na 320, ukisugua kwa maji ili vumbi lisiruke. Vumbi la nikeli ni hatari kwa mapafu na huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu na barakoa ya vumbi ya kazini, maana leso haitoshi. Sugua mpaka mng'ao wote ufe, pamoja na pembeni na kwenye mikunjo. Kromu iliyoanza kubanduka lazima itoke, na ukingo wake usawazishwe hadi kidole kisihisi ngazi. Kisha mwagia maji safi. Yakitandaa kama shuka, uko tayari. Yakijikusanya matone, rudi kwenye mafuta na msasa.

Kama kipande kimebanduka sehemu kubwa, kipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupuliza mchanga. Nawasihi msichubue kromu nyumbani kwa asidi, wala kwa umeme ndani ya kostiki soda. Njia hiyo ya umeme huacha maji yenye kromiamu heksavalenti, sumu inayosababisha saratani, na wengi wetu bado tunachota visimani.

Kausha, futa tena, upige praima, yaani rangi ya msingi, siku hiyohiyo, kwani chuma kilicho wazi hapa pwani hakilali bila kutu. Mimi huchagua praima ya epoksi yenye kigumushi, yaani dawa ya kuifanya igande, iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye kopo. Praima ya asidi pekee siiamini kwenye kazi hii, kwa sababu asidi yake haiing'ati kromu. Subiri umande wa asubuhi ukauke, ujikinge na upepo wa kusi, upige mikono miwili myepesi. Ikikauka, pitisha msasa namba 400 ndipo uweke rangi. Rangi za kuchanganya na kigumushi huwa na kemikali zinazoweza kuleta pumu, na barakoa ya vumbi haizizuii. Zinahitaji angalau barakoa yenye vichujio vya mvuke, na iliyo salama zaidi ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Eksozi isiingie kwenye mpango huu. Joto lake huunguza epoksi, kwa hiyo ipigiwe rangi ya kustahimili joto moja kwa moja juu ya uso uliosuguliwa.