Diferensiali ya aileroni kwenye kindege cha mabawa ya ghorofa (bawa moja juu ya jingine)

Ukitaja diferensiali hapa Lubumbashi, fundi wa gari atainama kuangalia ekseli ya nyuma. Kwa sisi tunaorusha vindege vya rimoti ni jambo jingine: aileroni inayopanda ipande sana, inayoshuka ishuke kidogo.

Aileroni ni vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyolaza ndege upande. Ukikata kona ya kushoto, ya kushoto hupanda na ya kulia hushuka. Ile inayoshuka hulinyanyua bawa lake, lakini pia hulifanya livutwe nyuma na hewa. Basi ndege imelala kushoto, pua inakwenda kulia. "Papa, mbona inakataa kona?" kijana mmoja aliniuliza siku kindege changu cha kwanza kilipoishia kwenye mwembe. Nilikuwa nimepima milimita 12 juu na 12 chini, sawa kwa sawa.

Tatizo ni la zamani: ndugu wawili Wright, waanzilishi wa ndege za injini, walipambana nalo, na mwaka 1902 wakaweka usukani wa mkia unaogeuka. Tiger Moth, ndege ya Uingereza ya mabawa ya ghorofa iliyoruka mara ya kwanza 1931, ina aileroni kwenye bawa la chini tu, na ile inayoshuka husogea kidogo mno.

Ili kuipata tofauti hiyo, wengi hukimbilia menyu ya rimoti. Mimi huanza na mkono wa servo, yaani injini ndogo inayosogeza aileroni kwa waya. Washa rimoti, trimu zote (vile vijirekebisho vidogo vya rimoti) ziwe sifuri, kisha funga mkono. Kama servo iko mbele ya aileroni na waya unapita chini ya bawa, usiusimamishe mkono wima. Uinamishe jino moja au mawili ya shina la servo kuelekea ukingo wa mbele wa bawa. Mkono ukirudi nyuma utausukuma waya mbali, na aileroni itapanda sana. Ukizidi kulala mbele, unazunguka tu na waya hausogei sana, basi aileroni hushuka kidogo. Waya ukipita juu ya bawa, inamisha kinyume. Sasa rekebisha urefu wa waya hadi aileroni ilingane na bawa, upime kwa rula: 12 juu, 6 chini, kwa kuanzia.

Kama bawa la juu nalo lina aileroni, kijiti kinachoiunganisha na ya chini kishikwe umbali uleule kutoka bawaba, juu na chini. La sivyo kila ghorofa itakuwa na diferensiali yake.

Na pua bado itapotea kidogo, hasa ukitua polepole, kwa hiyo kidole cha kushoto kibaki kwenye usukani wa mkia.