Udaktari Huanzia Kwenye Uteuzi wa Masomo

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, ofisi yetu ya ushauri wa masomo hapa Mombasa hupokea wazazi wanaotaka kujua iwapo mtoto wao anaweza kusomea udaktari, na mara nyingi jibu huwa lilikwisha kupatikana miaka miwili nyuma, siku mwanafunzi alipoacha somo moja na kushika jingine.

KUCCPS, inayoratibu nafasi za vyuo vikuu, haitazami wastani pekee. Gredi ya C+ humwezesha mtahiniwa kuingia chuo kikuu, lakini kwa udaktari hupimwa masomo manne mahususi, yakiwemo Bayolojia, Kemia, na Hisabati au Fizikia. Kila moja lina pointi 12, na kwa kuwa nafasi ni chache, ushindani huwa karibu kabisa na kilele cha pointi 48. Somo la nne laweza kuwa Kiingereza au Kiswahili, na hapa watoto wetu wa Pwani hujidanganya kwamba lugha waliyozaliwa nayo haina haja ya kudurusiwa, mpaka isimu jamii na ushairi viwaumbue. Hata hivyo, Kemia ndiyo inayotusumbua zaidi: anayezikwepa hesabu za moli kidato cha tatu huzikuta tena zikimngoja kidato cha nne.

Wanafunzi wa mtaala mpya, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, wanahitaji mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Lipo pia suala la majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, shule imemsajili Fatma, na jina la babu limeandikwa Muhammad huku na Mohamed kule. Kasoro hiyo isahihishwe kabla ya usajili wa mtihani, kwani baadaye huwa ni kuzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi.

Masomo yenyewe huchukua miaka sita, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Familia inayofikiria chuo cha ng'ambo ithibitishe kwa Baraza la Madaktari, kabla ya kulipa karo yoyote, kwamba chuo hicho kinatambuliwa. Mhitimu anayerudi nyumbani hufanya mtihani wa Baraza kabla ya kupokelewa kwa mafunzo hayo ya hospitalini.