Je, wajua kwa nini waigizaji wa Casablanca walilia machozi ya kweli?

Kama umeshaangalia Casablanca, ile muvi ya 1942 ya Humphrey Bogart na Ingrid Bergman, najua kuna kipande hujakisahau. Maafisa wa Kijerumani wamezunguka piano kwenye baa ya Rick (ndo Bogart) mjini Casablanca, Morocco, wanaimba wimbo wao wa kizalendo kwa mbwembwe kabisa, Victor Laszlo, mpinzani wa Wanazi aliye mafichoni pale, anapandwa na hasira anaifuata bendi anawaambia pigeni La Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa, bendi wanamtupia jicho bosi Rick kwanza, Rick anaitikia kwa kichwa, basi baa nzima inainuka inaimba mpaka Wajerumani wenyewe wanaona aibu wanakaa. Halafu kamera inamkuta dada mmoja, Yvonne, anaimba huku machozi yanamchuruzika.

Sasa yule dada hakuwa anaigiza sana. Anaitwa Madeleine Lebeau, Mfaransa, umri wake miaka kama 19 tu, na Juni 1940 Wajerumani walivyokuwa wanaikaribia Paris yeye na mumewe Marcel Dalio walitoka nduki. Wakafika Lisbon, wakapata viza za Chile, wakapanda meli, kufika Mexico wanaambiwa viza zenu feki, wakakwama hapo mpaka walipopata pasi za muda za Canada ndo wakaingia Marekani. Yaani kabla hata skripti haijaandikwa wao walishaiishi.

Na mumewe naye yumo humohumo! Ni yule anayechezesha ruleti, lile gurudumu la kamari, Emil, ndiye anayemletea Kapteni Renault, mkuu wa polisi, hela alizoshinda sekunde chache tu baada ya kapteni kujifanya kashtuka kwamba eti hapa watu wanacheza kamari. Ufaransa huyu jamaa alikuwa mwigizaji mkubwa. Ila ni Myahudi, na Wanazi walichukua sura yake wakaibandika kwenye mabango ili watu wajue eti Myahudi anafananaje. Wazazi wake walifia kwenye kambi za Wanazi. Hollywood wakampa kuzungusha ruleti na jina lake hata halikuandikwa kwenye orodha ya waigizaji. Na kama hayo hayatoshi, muvi ikiwa inashutiwa bado, akafungua kesi ya talaka dhidi ya Madeleine. (Mimi hapo ndo huwa naona hii stori nayo ilistahili muvi yake.)

Lakini kwa nini wakimbizi wajae hivyo kwenye muvi moja? Ni kwamba Hitler aliposhika madaraka 1933 Wayahudi walifukuzwa kwenye kazi za filamu Ujerumani, wakahamia Vienna, wakahamia Paris, 1938 akaichukua Austria, 1940 akaingia Ufaransa, na kila akisogea wanakimbia tena mpaka wengi wakaishia California. Kule kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ya lafudhi, mtu alikuwa steringi Berlin huku anaambulia sentensi mbili. Kwa hiyo Warner Bros. walivyotaka baa yenye watu wa kila taifa hawakuhangaika kutafuta, na dairekta mwenyewe, Michael Curtiz, alikuwa Myahudi kutoka Hungary. Kwenye waigizaji waliotajwa majina, waliozaliwa Marekani ni watatu tu, Bogart, Dooley Wilson yule Sam wa piano, na Joy Page.

Kichekesho kichungu ni kwamba hata Wanazi wa kwenye muvi wameigizwa na watu waliowakimbia Wanazi. Conrad Veidt, yule Meja Strasser unayemchukia mwanzo mwisho, alikuwa staa mkubwa Ujerumani akaondoka 1933, mke wake alikuwa Myahudi. Helmut Dantine, yule kijana wa Bulgaria anayehangaikia viza na mkewe, alishawahi kufungwa na Wanazi kwao Vienna. Mzee mcheshi Carl, S. Z. Sakall, dada zake watatu walikufa kambini.

Ukichanganya na tarehe ndo unaelewa. Walishuti kuanzia mwisho wa Mei mpaka mwanzo wa Agosti 1942, na Julai 16 na 17 mwaka huohuo polisi wa Paris walikuwa wanakamata Wayahudi kama 13,000, watoto wakiwemo. Watu wako studio wanaimba wimbo wa taifa, na huko nyuma wameacha ndugu. Dan Seymour, aliyeigiza mlinzi wa mlangoni, alisimulia kwamba siku ya kipande kile alivyoangalia pembeni aliona kama nusu ya wenzake wanalia.

Zile barua za kusafiria wanazogombania kwenye muvi ili watoke Casablanca, hizo ni za kutunga, haikuwepo karatasi yenye nguvu ya namna hiyo. Ila shida ya viza haikutungwa, unahitaji ya kutoka, ya kupita na ya kuingia, na ukiipata ya tatu ya kwanza imeshaisha muda.

Kitu kingine (kama hujaiona ishia hapa), mwishoni Renault anamwambia Rick waende Brazzaville, na wengi wanadhani ni jina tu lilichomekwa pale. Kumbe tangu 1940 Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa ya leo, ndo ulikuwa mji mkuu wa Ufaransa Huru ya de Gaulle, yaani Wafaransa waliokataa kusalimu amri kwa Wajerumani, kwa hiyo wale wawili walikuwa wanaenda kujiunga na vita.