Asilimia 108 si takwimu za kupikwa

Kila taarifa ya chanjo ikibandikwa ubaoni na asilimia kupita 100, pale mwaloni Kirumba, Mwanza, utasikia: "Hizo wamepika." Ni maneno ya miaka mingi, na siwalaumu wanaoyasema. Debe likijaa limejaa, litapitaje?

Tatizo ni kwamba debe lenyewe ni la makadirio. Asilimia ni idadi moja kugawanywa kwa nyingine. Ya juu ni watoto waliochanjwa kweli, mmoja mmoja kwenye daftari la muuguzi. Ya chini ni walengwa, yaani watoto wanaotarajiwa kuchanjwa, na hao hukadiriwa kutokana na sensa. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022, milioni 61.7. Katikati hapo ni kukisia tu, tena kwa hesabu nzuri.

Halafu watu wa ziwani hawatulii. Mbaamwezi ikiingia, wavuvi wa dagaa hupumzika, na mama wa Ukerewe anavuka na mwanawe hadi mjini. Kituo kilichopangiwa watoto 50 kikichanja 54, ndiyo hiyo 108. Kule kisiwani, kwenye daftari la kituo chao, mtoto huyo anasomeka kama pengo, hajachanjwa.

Mimi ningeomba ubaoni waandike namba zote mbili, siyo asilimia peke yake.