Maiki ya utepe inayotumia umeme: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Maiki ya utepe usiiwashie volti 48, utaiua." Katika studio za vyumbani Kampala, hii ndiyo kauli ya kwanza utakayoambiwa, na ina asili yake. Maiki ya utepe hunasa sauti kwa ukanda mwembamba wa alumini unaotikisika katikati ya sumaku; volti 48 ni umeme ambao intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, huipelekea maiki kupitia waya uleule wa sauti ukibonyeza kitufe chake. Maiki za utepe za zamani, kama zile za RCA za miaka ya 1930, hazikuwa na saketi ya kulishwa umeme. Maiki ya aina hiyo ikikutana na waya wenye shoti, volti hizo zinaweza kupita kwenye utepe wenyewe na kuuharibu. Waya ukiwa mzima, mara nyingi hata hiyo hupona.

Ila ile yenye saketi ndani ni kitu kingine. Kampuni ya Royer ya Marekani ilitoa R-122 mwaka 2002, maiki ya utepe inayoendeshwa na volti hizohizo 48. Usipobonyeza kitufe, haitoi sauti. Nimeona watu wakiirudisha dukani wakidai ni mbovu, kumbe waliogopa kitufe.

Woga huohuo huzaa kosa la pili: kununua kile kikuza sauti kidogo cha kuchomekwa kati ya maiki na intafesi. Vingi vya vifaa hivyo huzitumia volti 48 vyenyewe na haviipitishii maiki chochote. Kwa maiki isiyotumia umeme ni msaada mkubwa. Kwa hii yenye saketi, umeifungia chakula mlangoni.

Halafu kuna wanaodhani kwamba ikishakuwa na saketi, imekuwa ngumu. Hapana! Utepe ni ule ule: alumini yenye unene wa kama maikroni 2, wakati unywele wa mtu unafika maikroni 70 hivi. Saketi inakaa nyuma yake, haiukingi na lolote. Msanii anayeijaribu kwa kupuliza "fuu, fuu" kama yuko jukwaani anaweza kuulegeza papo hapo. Weka kichujio cha pumzi, msogeze mwimbaji umbali wa shibiri moja au zaidi, na mbele ya ngoma kubwa igeuze kidogo ili msukumo wa hewa usiupige utepe uso kwa uso. Ukimaliza kazi ifunike, kisha uihifadhi ikiwa wima. Kama studio yako iko Katwe, jirani na mafundi wanaosaga vyuma kutwa nzima, kufunika si anasa: ndani mna sumaku kali, na chembe za chuma zinazopeperuka huingia zikanasa karibu na utepe.

"Haichukui kelele za chumba." Nusu kweli. Maiki nyingi za utepe husikia mbele na nyuma kwa kiwango karibu sawa, na huwa viziwi ubavuni. Kwa hiyo dirisha linalotazama stendi ya boda boda lielekeze ubavuni mwa maiki. Pikipiki zitapungua sana. Lakini mgongo wa maiki ukitazama ukuta mtupu wa plasta, mwangwi wote unaingia. Tundika godoro au mablanketi mazito huko nyuma kabla ya kufikiria kununua kitu kingine. Mvua ikianza kupiga mabati, hakuna pembe itakayokuokoa. Nenda kanywe chai.

Kuhusu kwamba sauti yake ni butu: ndiyo, sauti za juu zinashuka taratibu, na ukiisogelea mno besi inavimba. Lakini ukizipandisha kidogo kwa ikwalaiza, yaani kirekebisha sauti, tuseme kuanzia kilohezi 10, haikwaruzi. Kwangu mimi, endingidi, fidla ya jadi ya Uganda, ndiyo inayoionyesha thamani yake. Ule mkwaruzo wa upinde kwenye uzi mmoja, ambao maiki za kondensa (aina iliyozoeleka studioni) za bei nafuu huugeuza kuwa sindano ya masikio, hapa unabaki mtamu.

Limebaki lile dai kwamba maiki ya utepe lazima uinunulie priampu, yaani kikuza sauti cha maiki, ya bei mbaya. Saketi ya ndani ipo hasa ili kuondoa hitaji hilo. Nguvu ya sauti inayotoka inakaribia ya kondensa, hivyo intafesi ya kawaida inatosha, ili mradi itoe volti 48 kamili. Baadhi ya zile rahisi zinazojiendesha kwa waya wa USB hazifiki hapo, basi soma karatasi yake ya maelezo kabla ya kulipa. Ukipata ya USB inayofika, una faida ya ziada: umeme wa mtaa ukikatika, betri ya laptopu inaendelea kuilisha intafesi na maiki pamoja.