Moyo wa Kupandikizwa: Dawa ya Saa Mbili na Vinavyoiharibu

Mzee mmoja wa Bombo, mwenye moyo wa kupandikizwa, alifika kliniki kabla ya wote. Akakaa kwenye benchi la nje, akafungua kikopo chake, akameza kapsuli mbili kwa maji ya chupa, kisha akatulia kusubiri kutolewa damu. Muuguzi alipotoka na sindano akamuuliza, "Mzee wangu, dawa ya asubuhi bado hujameza?" Akajibu kwa fahari: "Nimeshameza, mwanangu. Si mliniambia nisipitishe saa mbili?"

Alikuwa sahihi. Tuliokosea ni sisi: tulimweleza habari ya saa, hatukumweleza habari ya damu. Kipimo cha takrolimasi, dawa yake ya kuzuia mwili usiukatae moyo huo, huchukuliwa kabla ya dozi, yapata saa 12 baada ya ile ya usiku, dawa ikiwa imeshuka hadi chini kabisa. Ukimeza kwanza, kipimo kinapanda, daktari anadhani dawa imezidi, anapunguza, na mwili unapata upenyo wa kuushambulia moyo. Siku ile ilibidi mzee arudi Bombo na taksi, alale, aje tena kesho yake. Tangu hapo kifuniko cha kikopo chake kina kipande cha plasta kilichoandikwa kwa peni: DAMU KWANZA.

Mimi ni mfamasia, na watu kama mzee huyu nchini mwetu ni wachache. Uganda bado hatupandikizi moyo. Anayeuhitaji hulazimika kwenda nje, India kwa mfano, kisha anarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Lakini mwaka 2023 sheria ya upandikizaji wa viungo ilisainiwa, na Desemba ya mwaka huohuo hospitali ya Mulago ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Mwenye figo ya kupewa na mwenye moyo wa kupewa humeza karibu dawa zilezile. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya wote wawili, na zaidi ni ya jamaa zao na wenye maduka ya dawa.

Kwa nini mwili ukatae kitu kinachouokoa? Mfikirie mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji. Mgeni akihamia kijijini, ataulizwa barua kutoka alikotoka. Chembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo seli T, zina tabia hiyo. Kila chembe ya mwili imebeba alama zake juu ya ganda, nazo seli T hupita zikizisoma. Moyo wa mtu mwingine una alama za mtu mwingine. Hauna barua, na hautaipata hata ukikaa miaka 20. Anayeniuliza atameza mpaka lini namjibu: mpaka mwisho wa maisha. Sipendi kulizungusha jibu hilo.

Ugumu ni kupata kiasi cha kuishusha kinga. Tarehe 3 Desemba 1967, huko Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo. Moyo ulipiga vizuri, lakini mgonjwa alifariki siku ya 18 kwa nimonia, kinga yake ikiwa imeshushwa mno ili kuulinda. Mwaka uliofuata madaktari wa nchi nyingi walijaribu, wagonjwa wengi wakafa upesi, na hospitali nyingi zikaacha kabisa. Waliorudi walirudishwa na udongo. Kuvu ya udongo wa Norway ilitoa saiklosporini, dawa ya kushusha kinga ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1983, na mwaka uliofuata bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, akatoa takrolimasi. Huwa nawakumbusha hili wanaoniambia kwamba dawa za hospitali ni kemikali tupu na za miti ndizo za asili.

Leo wengi huanza na dawa tatu: takrolimasi au saiklosporini, mikofenoleti, na prednisoloni. Kila moja inazuia mahali pake, ndiyo maana kila moja inaweza kutolewa kwa kipimo kidogo kuliko ingekuwa peke yake. Miezi ya kwanza dozi huwa kubwa kwa sababu ndipo hatari ya moyo kukataliwa ilipo kubwa zaidi, kisha daktari hushusha polepole. Juu yake huongezwa Septrini, dawa ambayo nyumba nyingi za Uganda zinaifahamu tangu miaka ya Ukimwi, na kazi yake ni ileile: kuzuia nimonia inayovizia mwenye kinga ndogo.

Dawa hizi zina bei yake mwilini. Mikono inatetemeka, presha inapanda, sukari inapanda, figo zinachoka. Mikofenoleti huharibu mimba, kwa hiyo mwanamke anayetaka mtoto azungumze na daktari mapema, kabla hajaacha uzazi wa mpango.

Ila linaloniogopesha kuliko madhara hayo ni afya njema. Mtu amepanda ngazi bila kuhema, amerudi shambani, anaona dawa ya usiku mmoja haina uzito. Moyo wa kupandikizwa ulikatwa mishipa yake ya fahamu, basi mara nyingi hauumi hata ukiwa unashambuliwa. Hupiga haraka kuliko wa kawaida, kama mara 90 hadi 110 kwa dakika mtu akiwa amekaa tu, na hilo si kosa. Kukataliwa kunaweza kwenda mbali bila dalili yoyote, ndiyo maana madaktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo na kunyofoa vipande vya nyama ya moyo vidogo kama chembe za ulezi, wavitazame kwa hadubini. Mwezi wa kwanza hufanywa karibu kila wiki. Dalili zikija, huja kama uchovu usioelezeka, kukosa pumzi ukilala, miguu kuvimba, au uzito kupanda kwa siku chache. Nunueni mizani ya bafuni. Kwa maoni yangu ina faida kuliko mashine nyingi za bei kubwa.

Sasa niseme na wenye maduka ya dawa, kwa sababu hapo ndipo moyo unapoweza kupotea kwa shilingi elfu mbili. Takrolimasi na saiklosporini huvunjwa na ini. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hulichochea ini livunje haraka mno, na katika siku chache ulinzi wa moyo unaweza kuwa umekwisha huku mgonjwa akimeza kila siku bila kukosa. Kifua kikuu kwetu ni kingi, tena mwenye kinga iliyoshushwa anakipata kwa urahisi, kwa hiyo jambo hili si la vitabuni. Atibiwe, ndiyo, lakini kliniki mbili zizungumze kabla ya kidonge cha kwanza. Flukonazoli ya utando mweupe mdomoni na klarithromaisini ya kifua hufanya kinyume: ini linalala, dawa inajaa kwenye damu, figo zinaumia. Balungi pia hufanya hivyo. Ibuprofeni na daiklofenaki huziongezea mzigo figo zilezile. Kwa maumivu madogo parasetamoli inatosha. Mitishamba sina orodha yake, na kwa sababu hiyohiyo nasema isiguswe.

Hata kuhara si jambo dogo. Ungedhani kunatoa dawa nje, kumbe takrolimasi mara nyingi hupanda. Homa nayo si ya kununulia dawa ya malaria na kulala. Apimwe siku hiyohiyo, malaria na mengine, na dawa ichaguliwe na anayejua anameza nini.

Mara nyingi dozi hupotea safarini. Basi la usiku la Arua linaondoka, begi liko kwenye buti chini, saa mbili inapita mkiwa njiani na kondakta hataki kusimama. Dawa zikae mfukoni au kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na za siku kadhaa za ziada. Ukikumbuka umechelewa, piga simu kliniki; usimeze mbili kwa mpigo kufidia. Na kapsuli zikija na rangi au jina jipya, usifungue kabla ya kuuliza: kuna takrolimasi ya mara mbili kwa siku na ya mara moja kwa siku, na hazibadilishani miligramu kwa miligramu.

Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai, haimfai mtu huyu, ingawa uwanja wa ndege wa Entebbe huulizwa kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo. Daktari wake ndiye anayeandika barua ya msamaha. Iombwe wiki kadhaa kabla ya tiketi, maana afisa wa bandari ya anga hana namna ya kuuona moyo ulio kifuani.