Saa nne na nusu ya nani? Kuprinti logi za droni Dar

Siku ya kwanza kupeleka logi ya droni, yaani kumbukumbu ya safari inayojiandika yenyewe, steshenari pale Mwenge, nilimpa dada wa kaunta flashi nikamwambia aprinti faili la juu kabisa. Akalifungua, akabofya, akasita. "Kaka, hapa inasoma kurasa 1,200. Niachie?" Kwa shilingi mia ukurasa hiyo ni laki na ishirini, na safari yenyewe ilikuwa ya dakika ishirini tu.

Kompyuta haikukosea. Jedwali nililotoa lilikuwa na mstari mmoja kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde. Dakika 20 ni sekunde 1,200, basi mistari ni 12,000. Karatasi ya A4 inabeba mistari kama 50, ndiyo kurasa 240. Halafu kolamu hazienei upana wa karatasi, zinamwagikia ukurasa wa pili, wa tatu, hadi wa tano. Nilichomoa flashi nikaondoka. Tangu siku hiyo logi nzima inabaki kwenye diski, na kinachoingia kwenye printa ni karatasi moja kwa kila safari.

Mtu atauliza karatasi ya nini zama hizi. Mimi napiga picha za anga za maendeleo ya ujenzi na kupima viwanja: Goba, Mbezi, Kigamboni, na bonde la Msimbazi maji yakishashuka. Droni hapa inaruka kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na jina lililo kwenye kibali ndilo litakaloulizwa ulirusha lini, wapi, kimo gani. Anayeuliza mara nyingi amekaa nyuma ya meza yenye mafaili ya karatasi. Ukimtumia linki, atakuambia umletee karatasi.

Logi yenyewe iko wapi? Kwa sisi tunaorusha droni za kampuni ya DJI, ukitumia programu yake ya DJI Fly kwenye Android, mafaili yamo kwenye folda ya Android, ndani yake data, kisha dji.go.v5, files, halafu FlightRecord. Kuanzia Android 11 simu yenyewe haikuruhusu kuzama humo kirahisi, kwa hiyo chukua waya wa USB uchomeke kwenye kompyuta. Kwenye iPhone yanaonekana kwenye Files, chini ya jina la DJI Fly. Ukiwa na rimoti yenye skrini yake, logi ziko ndani ya rimoti, usihangaike na simu.

Folda hiyo ni mali ya programu. Ukiifuta programu, folda inaondoka nayo. Nililijua hilo kwa kulipia: simu ilijaa, nikafuta DJI Fly ili niiweke upya kesho yake, na logi za miezi minne zikaenda. Hakuna wa kumlaumu. Sasa nahamisha mafaili siku ileile ya kazi, kabla hata sijachaji betri.

Jambo la pili: faili hilo lina mkia wa .txt lakini si maandishi. Ukilifungua kwa Notepad utaona takataka. Limesimbwa, na kwa matoleo ya miaka ya karibuni ufunguo wa kulisoma unatolewa na seva za mtengenezaji, maana yake bila intaneti hulifungui. Wanaorusha kwa programu huria wana nafuu: wa ArduPilot wana mafaili ya .bin na wa PX4 wana ya .ulg, hayo yako wazi, wana raha yao. Sisi tunapitia huduma za mtandaoni kama AirData, tunapakia faili na kutoa CSV, yaani jedwali la takwimu, pamoja na KML, yaani faili la ramani lenye njia iliyopitwa. Fanya hivyo mapema. Mwaka 2024 DJI iliwazimia watumiaji wa Marekani huduma ya kusawazisha kumbukumbu za safari kwenye seva zake, na mwenye nakala zake mkononi hakuwa na wasiwasi. Nahifadhi vyote vitatu: faili asili, CSV na KML.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapo ndipo nilipoumbuka.

Kuna mama mmoja jirani na saiti ya Mikocheni alilalamika serikali ya mtaa kwamba droni ilisimama juu ya ua wake saa nne na nusu asubuhi, binti zake wakiwa wanaoga nje. Mimi siku hiyo niliruka saa moja na nusu na saa mbili nikawa nimeshafunga mabegi. Nikaenda kwa mwenyekiti kifua mbele na logi niliyoiprinti. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma: 04:30. Akanitazama. "Kijana, saa nne na nusu. Umejishtaki mwenyewe."

Nikaanza kueleza habari ya UTC, ile saa moja ya dunia nzima ambayo logi inaifuata, kwamba sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Mama anatikisa kichwa. Nikasema basi tazameni jina la faili, hilo linaandikwa kwa saa ya simu yangu. Mwenyekiti akasoma: 07-30. "Sasa saa saba na nusu. Mchana. Umerusha mara ngapi, kijana?"

Kilichoniokoa ni picha. Nilifungua video kwenye simu nikamwonyesha mwembe wa kona: kivuli chake kimelala upande wa magharibi, kirefu kuliko mti wenyewe, kimevuka barabara. Saa nne na nusu jua la Dar limeshapanda, kivuli kinakuwa kimejikunja karibu na shina. Mwenyekiti ni mtu wa zamani, kivuli alikisoma haraka kuliko karatasi yangu. Droni ya saa nne na nusu ilikuwa ya mtu mwingine, na huyo hatukumpata.

Kwa hiyo kwenye karatasi yangu leo saa imeandikwa mara tatu kwenye mstari mmoja: saa 1:30 asubuhi, yaani 07:30 kwa saa za Afrika Mashariki, 04:30 UTC. Inaonekana kama kujirudia. Iache ijirudie. Namba moja ikisimama peke yake, kila msomaji wa mji huu ataisoma kwa saa iliyo kichwani mwake. Na uisahihishe saa ya simu, maana jina la faili linafuata simu hata kama simu imepotoka.

Kimo nacho kina mtego. CSV ya AirData inaandika kimo kwa futi. Mhandisi akiona 328 anadhani ni mita na anaanza kutoa jasho, kumbe ni mita 100. Geuza kabla ya kuprinti, andika neno "mita" mbele ya namba. Pia kimo hicho kinahesabiwa kutoka pale droni iliponyanyukia, si kutoka ardhini chini yake. Nikirusha kutoka juu ya paa la ghorofa Kariakoo, logi ikasema mita 40, mtu wa barabarani anaiona juu zaidi kwa urefu wa jengo zima. Ikishuka chini ya paa, logi inaandika kimo hasi, na hapo ndipo watu hudhani kifaa ni kibovu. Nina mstari mmoja wa "mahali pa kunyanyukia" ambapo naandika kwa maneno: paa, ghorofa ya tano. Kompyuta hailijui hilo.

Halafu Excel. Dar iko kusini ya ikweta, latitudo yetu inaanza na alama ya kutoa: -6.8 na kidogo. Niliwahi kusafisha jedwali nikafuta vistari vyote nikidhani ni uchafu, na ramani ikanionyesha nimerusha droni Ethiopia. Pia usiiruhusu ikate desimali. Zikibaki mbili, nukta inaweza kuhama mamia ya mita kutoka pale ulipokuwa; tano zinakuleta kwenye kama mita moja, zinatosha.

Vingine kwenye karatasi ni vya kawaida: namba ya kibali, namba ya serial ya droni na ya betri, rubani, muda hewani, umbali wa mbali zaidi, upepo, na picha ndogo ya njia kutoka kwenye KML. Tukio lolote naliandika kwa mkono, hata kama ni kunguru kufukuza droni, na kunguru wa Dar hawana adabu. Chini kabisa kuna alama ya SHA-256 ya faili asili, herufi na tarakimu 64, ninayoitoa kwa amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows. Mtu akidai nimechezea logi, tunaikokotoa tena mbele yake. Faili likibadilika hata herufi moja, alama haifanani. Naitoa PDF kabla ya kwenda steshenari, nisirudie hadithi ya kurasa 1,200.

Kuhusu karatasi yenyewe, printa ya leza tu. Wino wa maji unatawanyika kwa unyevu wa pwani, na masika ya kwanza ilinifundisha hivyo kwenye kabati lenye tundu la kiyoyozi pembeni. Vimfuko laini vya PVC navyo sivipendi: kwa joto letu tona inanata kwenye plastiki, ukichomoa karatasi nusu ya ramani inabaki ndani. Stepla nimeacha. Chumvi ya hewa inazishika pini, kutu inakula kona ya juu kushoto, na kona hiyo ndiyo niliyokuwa naandika tarehe. Natoboa matundu mawili, napitisha uzi wa pamba, na tarehe nimeihamishia kulia.

Dada wa Mwenge bado yupo. Nikimpa flashi anauliza kwanza, "Leo ngapi?" kabla hajagusa kipanya.